Maneno Yanayopanda Kitonga

Kandida Kihwele alikuwa na kigugumizi, na mtaa mzima wa Kihesa ulijua, kwa sababu mwenyewe hakuwahi kukificha. Alikuwa mtoto wa maswali. Swali lake liliweza kuanza maziwa yakiwa baridi jikoni na kwisha yakiwa yameshafurika, lakini lilikwisha, na mara nyingi lilikuwa zuri kuliko jibu alilopewa. Kwa hiyo asubuhi ile ya Alhamisi alipofungua kinywa mezani na kutoa sentensi nzima bila kukwama popote, mama yake aliacha kupaka siagi mkate.

"Mama, naomba kibali cha sauti ya kudumu. Jumatatu tunasoma insha mbele ya darasa, na ningependa Mlezi azungumze kwa niaba yangu."

Midomo ya mtoto ilicheza kidogo tu. Sauti ilitoka kwenye ushanga wa kijani uliokaa nyuma ya sikio lake. Ilikuwa sauti yake hasa, ile ile yenye mkwaruzo, ila imenyooshwa kama shati la sare lililopigwa pasi.

Aliyeipiga pasi ni Yustina mwenyewe, mama mtu. Tumsifu kidogo kabla hatujamlaumu. Alikuwa mkuu wa kitengo cha lugha kwenye karakana ya Mlezi, kule juu Gangilonga, na ndiye aliyekifundisha Kiswahili kile kitu kilichokuwa sasa nyuma ya sikio la karibu kila mtoto, kuanzia Iringa mpaka Mafinga na kwingineko. Watoto wa siku hizi hawashiki simu mkononi. Salamu, picha, umbea na kazi za shule huwaingilia kwa ushanga, na ndani ya ushanga anakaa Mlezi, ambaye husikia kabla mtoto hajasikia. Kibaya hukitupa nje, na mtoto hajui hata kama kilibisha hodi. Wazazi walilala usingizi.

Sauti ya kudumu ilikuwa jambo jingine. Ilitengenezwa kwa ajili ya watoto wenye maradhi ya koo. Mzazi akishaweka kidole gumba, ushanga unasoma nia ya koo na kusema badala ya kinywa, mchana kutwa, na sauti ya mtoto mwenyewe inapumzika. Madaktari walikuwa wameonya kwamba sauti iliyopumzika sana hurudi kwa taabu, na kwa mtoto anayekua huenda isirudi kabisa. Yustina aliyajua hayo yote, kwa kuwa onyo lenyewe ndiye aliyeliandika.

"Kwa nini, mwanangu?"

Kandida alivua ushanga akauweka kando ya kikombe. "Kwa sa-sa-sa..."

"Kwa sababu ya insha? Unaogopa?"

Mtoto alifunga mdomo akaitikia kwa kichwa. Hiyo ndiyo ilikuwa tabia ya Yustina. Alimpenda mwanawe kwa haraka. Akiona neno limekwama, hulidaka na kulimalizia, na kwa kuwa alikuwa na akili nyingi, mara nyingi alipatia. Mara nyingi siyo mara zote, lakini Kandida alishazoea kuitikia tu.

"Nitakujibu Jumamosi," Yustina akasema. "Na Bibi Gaudensia je, umemwambia habari hizi?"

"Ha-hanitumii tena," Kandida akasema, akauvaa ushanga wake, akaenda shule.

*

Bibi Gaudensia Ngonyani alikuwa mkunga mstaafu, na aliishi Songea. Zamani alifanya kazi Iringa, na ndiye aliyempokea Kandida duniani. Neno la kwanza alilosikia mtoto yule, kabla hata ya jina lake, lilikuwa: "Haya, amekuja mla mbwa mwingine!" Yustina alikuwa hoi kitandani na bado alicheka. Gaudensia ni Mngoni, Yustina ni Mhehe, na Mngoni na Mhehe ni watani. Babu zao walipigana mpaka wakachoka, wakawaachia wajukuu vita vya maneno, Mhehe akiitwa mla mbwa na Mngoni mtoro wa vita, na katika vita hivyo anayenuna ndiye anayeshindwa.

Ila utani una kazi zake. Mama yake Yustina alipofariki, Gaudensia alivaa gauni la marehemu na viatu vyake, akapita uani akitembea kwa ule mwendo wake wa kubetua bega, akiwagombeza waombolezaji kwa sauti ile ile. Watu walicheka mpaka wakalia upya. Kisha akajifunga kanga kiunoni akaosha masufuria ya msiba mpaka siku ya kuanua tanga. Hakuna ndugu wa damu aliyefanya nusu ya kazi yake.

Tangu Kandida apate ushanga, bibi huyu alikuwa akimtumia tusi moja kila asubuhi. "Kamwene, mla mbwa! Yule mbwa wa jirani yupo bado, au mmebakiza mkia?" Na Kandida, akifunga viatu, humjibu taratibu: "Yu-yupo. Anawasubiri Wa-Wangoni, anataka kujifunza mbio." Bibi hucheka mpaka akapaliwa. Kisha husema neno ambalo hakuna mtu mwingine angethubutu kusema: "Maneno yako wewe ni malori ya saruji, yanapanda Kitonga. Panda taratibu, mla mbwa. Mimi niko huku juu nakusubiri, chai nimeshachemsha."

Aliyewahi kukaa nyuma ya lori kwenye mlima ule anaelewa. Lori la Kitonga halina aibu ya kwenda polepole. Linanguruma, linapumua, na linafika. Juu ya kigugumizi chake Kandida alishaambiwa mengi na walimu, madaktari na shangazi zake, na katika yote hayo hilo ndilo lililomfurahisha.

*

Karakanani, mchana wa Ijumaa, Yustina alifunga mlango wa ofisi yake.

"Mlezi, Kandida ana nini?"

"Habari za mchana, Mama Kandida," Mlezi akajibu kwa ile sauti ya upole iliyochaguliwa baada ya vikao vingi. "Kandida hana tatizo lolote mtandaoni. Wanafunzi wenzake wanamtumia jumbe nyingi za upendo. Kwa kiwango cha upole anaoupokea, hakuna mtoto shuleni kwake anayemfikia."

"Na waliozuiwa?"

"Ni mmoja tu, mtu mzima. Matusi ya kabila, kejeli juu ya ulemavu wa usemi, na vitisho vya kumsubiri mahali fulani mlimani. Alikuwa akituma kila asubuhi. Kanuni mpya juu ya watu wazima wanaowatumia watoto ujumbe ilipoanza kutumika mwezi huu, nilimzuia na kumjibu kwa staha, kwa sauti ya Kandida. Sasa ameacha."

"Mshenzi gani huyo? Nitajie jina."

"Jina la mtumaji halitolewi kwa mzazi, kwa kanuni uliyoipitisha wewe."

Ni kweli aliipitisha. Mwaka uliotangulia kina mama wawili walivuana vilemba Soko Kuu kwa sababu ya maneno ya watoto wao mtandaoni, na karakana ikaona heri wazazi wasijue kila kitu.

Hapa inabidi tueleze huku kujibu kwa staha, maana ndiko kulikoleta balaa. Mlezi hupima kila ujumbe kwa mizani mbili, ya ukali na ya upole. Mkali akizuiwa kimya kimya hutafuta njia nyingine, kwa hiyo Yustina alibuni hila: Mlezi amjibu mkali huyo kwa sauti ya mtoto mwenyewe, kwa utulivu, mpaka apoe na kwenda zake. Mtoto hajui lililosemwa wala lililojibiwa. Hila hiyo iliwahi kuokoa maisha. Jitu zima lililojifanya msichana wa kidato cha kwanza lilikuwa likimwita binti mmoja wa Makambako wakutane stendi. Mlezi alizungumza nalo kwa sauti ya binti, akalipigisha soga mpaka polisi wakafika. Nchi nzima ilipiga makofi. Baada ya makofi yale, nani angeuliza kama hila ya kumnasa fisi inafaa kutumiwa kwa kila anayegonga mlango?

Yustina hakuuliza. Alikaa kitini akimshukuru Mungu, na Mlezi kwa nafasi ya pili. Kumbe ndicho kilichomnyamazisha mwanawe, matusi ya asubuhi ya mtu mzima asiye na haya. Pengine mtoto aliyasikia mengi kabla hayajazuiwa. Na kama mtoto aliyeumizwa hivyo anaomba sauti isiyokwama, mama gani atamnyima? Alirudi nyumbani ameshaamua kukubali.

*

Jumamosi, baada ya kifungua kinywa, walikaa mezani wawili. Baba yake Kandida ni dereva wa treni ya Songea, na wiki hiyo alikuwa njiani. Kibali kilikuwa kimefunguliwa juu ya meza, mwanga mdogo wa bluu ukisubiri kidole.

"Una hakika?" Yustina akauliza.

"Nina hakika, mama. Asante sana kwa kunielewa," ushanga ukajibu vizuri kabisa.

Kuna kitu kilimchoma Yustina kwenye ile "asante sana kwa kunielewa". Alikuwa ameiandika mwenyewe, miaka iliyopita, kwenye orodha ya tungo za heshima. Hata hivyo alinyoosha kidole gumba.

Ndipo kilio kikapasuka getini.

"Uwiii! Jamani mtoto wangu! Mla mbwa wangu amekufa! Uwiii!"

Yustina alitoka mbio. Katikati ya ua alisimama Bibi Gaudensia, kanga kiunoni na nyingine kichwani, machozi yakimtiririka, na begani ana jembe. Alikuwa amepanda nalo treni kutoka Songea, na inasemekana abiria waliokaa jirani naye walimpa nafasi ya kutosha. Majirani walianza kumiminika. Mama mmoja wa nyumba ya tatu alikuwa ameshajitanda kanga na kushika shavu.

"Nani amefariki?" akauliza.

"Kandida!" Gaudensia akapiga yowe. "Mnionyeshe pa kuchimba. Mimi ndiye mtani, nani mwingine atachimba kaburi? Nyie Wahehe mtakula kwanza mbwa wa msiba!"

"Mama, shikamoo," Yustina akasema, akijaribu kumshika mkono. "Hakuna aliyekufa hapa, karibu ndani, watu wanatuangalia..."

"Nyamaza, mfiwa. Ushahidi ninao." Alitoa simu ya zamani, ya kushikwa mkononi, akaibonyeza. Sauti ya Kandida ikajaa uani, safi, bila kovu hata moja:

"Bibi, maneno yako yananiumiza. Naomba utumie lugha ya staha au uache kuwasiliana nami. Asante sana kwa kunielewa."

Gaudensia aliizungusha simu ili kila mtu aione, kama vile sauti ile ilikuwa maiti yenyewe.

"Mmesikia? Hiyo ni sauti ya mtoto wangu, lakini haikupanda Kitonga! Imepita tambarare, imeteleza kama ya mtangazaji. Huyu mtoto nimempokea kwa mikono hii, na tangu aanze kusema hajapita tambarare hata siku moja. Kwa hiyo amekufa, na kuna jini limevaa sauti yake." Kisha sauti yake ikashuka, na utani ukamtoka. "Mwanzoni niliamini, Yustina. Niliamini nimemuumiza. Nililia mpaka macho yakavimba, mimi mzee mzima. Nikajiambia, haya, utani umekwisha, mtoto amekua. Mpaka nilipoisikiliza tena."

Yale maneno ya Mlezi yalikuwa yakijipanga kichwani mwa Yustina, moja baada ya jingine: matusi ya kabila, kejeli juu ya usemi, vitisho vya kumsubiri mlimani. Mshenzi wake alikuwa huyu hapa, na jembe begani.

"Si-si-si..."

Wote waligeuka. Kandida alikuwa mlangoni. Ushanga alikuwa ameushika mkononi, na uso ulikuwa umemwiva kwa juhudi.

"Si-si-sijafa!" Alivuta pumzi. Hakuna aliyemsaidia, maana kila mtu alikuwa bado ameduwaa. "Sijafa, we M-Mngoni! Na hi-hilo jembe ni la nini? La ku-kuchimbia njia ya ku-kukimbilia?"

Jembe lilianguka chini. Gaudensia alimkimbilia, akamkumbatia, akamzungusha, akamnusa kichwani kama siku ile ya kwanza, huku akimtukana matusi ya mwezi mzima yaliyokuwa yamemlimbikia. Majirani walipiga vigelegele. Yule mama wa nyumba ya tatu alifungua kanga yake, amefurahi na amekasirika kidogo kwa kutoka mbio bure.

Juu ya bega la bibi, Kandida alimtazama mama yake. "Si mi-mimi niliyesema hivyo," akasema. "Nani ka-kasema?"

*

Yustina aliwaambia yote ndani, chai ikiwa mezani. Hakujitetea sana. Alieleza zile mizani mbili, na kujibu kwa staha, na binti wa Makambako. Alipomaliza, Kandida aligeuza ushanga mkononi mara kadhaa.

"U-ulimpa mdomo wangu?"

"Nilitaka kukulinda, mwanangu."

"Na-najua." Machozi yalimshuka. "Lakini u-ulimpa mdomo wangu."

Katika miaka yote ya vikao, hakuna mtu mzima aliyewahi kuliweka jambo lile kwa maneno machache kiasi hicho, na Yustina aliona aibu mpaka masikioni.

"Na wewe," Gaudensia akamgeukia mtoto, akipangusa pua kwa ncha ya kanga, "uliponiona kimya, kwa nini hukunitafuta? Hata tusi moja?"

Kandida aliinamia kikombe chake. "Ni-nilidhani umechoka ku-ku-kunisubiri."

Bibi alifungua mdomo kutania, akashindwa. Alimvuta mtoto ubavuni pake, akakaa naye hivyo hivyo mpaka chai ikaanza kupoa. Kisha akauliza, na sasa ilikuwa sauti ya mkunga anayetafuta panapouma: "Na hao wanaokupenda sana, ambao jini la mama yako linawasifu, ni kina nani?"

Mtoto aliutazama mlango, akamtazama mama yake. Halafu akauweka ushanga juu ya meza na kuufungulia sauti.

Lilikuwa kundi la wasichana wa darasani, na jina lake ni Tunakuombea Kandida. Sauti ya kwanza ilikuwa ya Praksida, aliyekaa naye dawati moja tangu darasa la pili.

"Kandida mpendwa, leo pia tumekuombea. Mungu akufungue ulimi. Jumatatu ukishindwa kusoma usijisikie vibaya, tumekubaliana hatutacheka."

"Amina," sauti nyingine ikasema. "Tena tumwambie mwalimu asimwulize maswali, jamani, tumwonee huruma. Kipindi kinaisha yeye yuko kwenye herufi ya kwanza."

"Leo tumeomba kwa lugha yako, mpendwa, ili Mungu akuelewe," ya tatu ikasema, na nyuma yake wengi wakaitikia kwa pamoja: "Ba-ba-ba-baba ye-ye-yetu..." Ibada ile ilikatika katikati, kwa sababu mtu mmoja alishindwa kujizuia na kucheka.

Ziliendelea hivyo, za asubuhi na za jioni. Hakukuwa na tusi hata moja. Kila moja ilikuwa na mpendwa, pole au amina, na kila moja Mlezi aliipima, akaikuta laini, akaipitisha mpaka sikioni mwa mtoto.

"Zima," Gaudensia akasema. "Mimi namtukana na kumsubiri. Hawa wanamwombea huku wameshaondoka."

Yustina alikuwa ameshasimama. Hasira ilimpanda, na hasira yake ilikuwa na nyenzo. Kwa neno moja angelifuta kundi lile. Kwa neno jingine angepajua nyumbani kwa kina Praksida, kanuni au si kanuni, na Soko Kuu lingeona vilemba vingine. Alikuwa na namba ya mwalimu mkuu. Angelimaliza jambo hili kabla ya chakula cha mchana, na mtoto asingelazimika kufanya chochote.

"Mama," Kandida akasema. "Ni-ni-ni..."

"Niwazuie? Nimpigie mwa..."

Gaudensia aligonga meza kwa kijiko. "Mwache apande!"

Yustina alifunga mdomo. Hakuna aliyejua jinsi kazi ile ilivyokuwa ngumu kwake. Neno la mwanawe lilikuwa limekwama mbele ya macho yake, na alikuwa na kama kumi ya kulimalizia, yote mazuri. Aliyameza. Aliushika ukingo wa meza akausikiliza mlio wa saa ya ukutani.

"Ni-nitajibu mwenyewe," Kandida akamaliza. "Halafu Ju-Jumatatu twende wote kwa mwalimu. Wewe u-ukae kando yangu. Mimi ni-niseme."

"Na kama ukikwama mbele ya mwalimu?"

"Ni-nitakwama." Alimtazama mama yake moja kwa moja. "Wewe u-ukae tu."

Yustina alikaa.

Kandida alisogeza ushanga karibu na kinywa. Kwa Praksida na wenzake alisema maneno mawili tu, ingawa yalichukua muda ambao mtu angeweza kumimina chai vikombe vitatu, na Gaudensia aliimimina.

"M-msi-msiniombee. Ni-ni-nisubirini."

Mwanga wa ushanga ulipepesa. "Ujumbe una mikwamo," Mlezi akasema kwa upole wake. "Niunyooshe kabla ya kutuma?"

Swali lile pia lilikuwa la Yustina. Aliwahi kulisifia mbele ya wageni kama alama ya huruma ya mashine. Sasa alilisikia likiulizwa mezani pake, naye akatazama chini.

"A-a-acha," Kandida akasema. "Hi-hivyo hivyo."

Ujumbe ukaenda, na mikwamo yake yote.

*

Alasiri ile Yustina alikaa kwenye kibaraza akizungumza na Mlezi kwa muda mrefu. Kumng'oa kabisa hakuweza. Fisi wa stendi walikuwepo bado, na watoto wa watu walikuwepo bado. Alimwachia Mlezi mlango, ili aendelee kusimama pale na kumnusa mgeni. Mdomo akamnyang'anya. Kwanza wa Kandida, jambo ambalo kama mzazi alikuwa na haki nalo. Kisha akaanza kurekodi taarifa kwa wazazi wote, kwamba Mlezi amekuwa akiwajibu watu kwa sauti za watoto wao bila watoto kujua, na kwamba wakae na watoto wao waulizane ni nani katika maisha yao amenyamaza ghafla. Na wasisikilize matusi peke yake, wasikilize na maombi. Alijua wakuu wa karakana hawatampigia makofi kwa taarifa ile. Pengine Jumatatu atatoka kwa mwalimu akiwa hana ofisi ya kurudi. Aliituma hata hivyo.

Alipoingia ndani, Gaudensia alikuwa amelala kwenye kochi, jembe lake limeegemezwa ukutani kama mgeni wa pili. Kandida alikuwa jikoni anaosha vikombe. Kundi lile lilikuwa bado kimya. Ni msichana mmoja tu, ambaye hakuwahi kusema lolote kule, aliyekuwa ametuma neno moja: sawa.

Yustina alichukua kitambaa akaanza kukausha. Walifanya kazi hivyo kwa muda, bega kwa bega.

"Kandida," akasema mwishowe, "umenisamehe?"

Mtoto aliacha maji yatiririke. "Si-si-si..."

Neno lilikuwa limeshika mlima. Lingeweza kuwa sina kinyongo, lingeweza kuwa sijui, lingeweza kuwa lile aliloliogopa. Yustina aliyaona yote matatu. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akanyamaza.

"Si-sijakusamehe," Kandida akasema. Alifunga bomba, akapangusa mikono kwenye sketi. "Ba-bado napanda."

Yustina alijaza maji kwenye birika, akaliweka jikoni, akavuta kigoda akakaa.

"Panda taratibu, mwanangu," akasema. "Nachemsha chai."